Vazi Lenye Dawa

Kumkinga mtu na hatari ni jambo jema; lakini je, ni halali kumkinga kwa njia asiyoijua? Swali hili aghalabu huachiwa wanafalsafa, na kumbe limo ndani ya nguo tuzivaazo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Serikali ya Marekani iliamuru kwamba nguo za kulalia za watoto zisiwe za kushika moto upesi. Nia ilikuwa njema, maana watoto walikuwa wakiungua. Viwanda vikatii kwa kutia katika nguo za poliesta dawa iitwayo trisi, yenye bromini ndani yake, ambayo huzuia miali isienee. Mama alimvika mwanawe jioni akiamini kwamba amemvika ngao. Hakuwa na la kuuliza: sheria ilikwisha kumchagulia usalama, na kiwanda kikamchagulia dawa.

Januari 1977 wanasayansi wawili, Arlene Blum na Bruce Ames, walieleza kwamba dawa ile, ilipojaribiwa kwa bakteria, iliharibu chembe za urithi, na ya kuwa huenda ikaleta saratani. Tena haikutulia ndani ya nguo. Ilitoka ikapenya ngozi, na mwaka 1978 masalio yake yakaonekana katika mkojo wa mtoto aliyevaa nguo hizo.

Uuzaji ulipigwa marufuku Aprili 1977. Walakini nguo zilizokwisha kushonwa zilikuwa nyingi, na mali ni mali. Baadhi ya wafanyabiashara wakaziuza nchi za ng'ambo, mpaka mwaka 1978 serikali ilipokataza na hilo pia. Aliyetia dawa hapo mwanzo naweza kumlaumu kwa haraka yake, kwa kuwa alipaswa kuichunguza kabla ya kuigusisha ngozi ya mtoto. Huyu wa pili namlaumu zaidi, maana alijua. Aliona kwamba nguo haifai kwa mtoto wa jirani yake, akaiona yafaa kwa mtoto asiyemjua.

Labda msomaji atasema: basi na tuache kabisa kutia dawa katika nyuzi. Sikubali. Tangu mwaka 2003 kiwanda cha A to Z, huko Arusha, kimetengeneza vyandarua vya Olyset, ambavyo nyuzi zake za polithini zina permethrini ndani. Dawa hiyo nayo hutoka, tena imekusudiwa itoke kidogo kidogo hata ifike juu ya uzi, ili mbu aguse afe. Nayo ni sumu. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni lilivipima vyandarua hivyo, na mwenye kukipokea huambiwa: kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia, wala usikifue mtoni, kwani dawa yake huua samaki.