Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 12: Bei Unayoijua Wewe, Asiyoijua Mwenzako



Kuna swali wafanyabiashara wetu huliuliza sana mwezi huu, tena kwa nia njema: "Shekhe, mama katoka shamba na kuku wake, hata sokoni hajafika. Anataka shilingi 12,000 kwa kuku mmoja. Mimi najua leo sokoni kuku kama huyo anakwenda 25,000. Bei kaitaja mwenyewe, sikumlazimisha. Kosa langu nini?"

Swali hili ni la zamani sana. Wafanyabiashara wa safari ndefu wa zama za kati walikutana nalo kila bandari, kwa sababu biashara yao ilitegemea kujua. Abul-Fadhl Jaafar ad-Dimashqi, aliyeandika kitabu kizima cha Kiarabu juu ya biashara, anamshauri mfanyabiashara msafiri achukue orodha ya bei za bidhaa katika mji atakaorudi, pamoja na ushuru wake. Akifika ugenini, atafute mtu mwaminifu. Anayekuja pwani yetu alipaswa kuzijua na pepo: kaskazi humleta, kusi humrudisha. Akikosa msimu, atakaa miezi anangoja upepo huku anakula mtaji.

Elimu hiyo ni jasho. Mtu kasafiri, kauliza, kahatarisha roho yake baharini. Akinunua rahisi huku na kuuza ghali kule, faida yake ni halali, na hakuna wa kumwonea kijicho.

Sasa geuza upande. Msafiri huyo huyo akishuka kwenu, anayejua ni wewe. Yeye kachoka, ana haraka ya kuuza, na bei ya leo haijui. Je, kutojua kwake nako ni mali yako?

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza watu kwenda kuupokea msafara njiani na kuununulia mali kabla haijafika sokoni. Na katika mapokezi ya Muslim, mwenye mali akifika sokoni ana hiari ya kuuvunja mauzo ule. Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Mwenye msafara naye aliuza kwa ridhaa yake. Huenda hakuambiwa hata neno moja la uongo. Lakini ridhaa ile ilipatikana kwa sababu mnunuzi alimuwahi kabla hajajua. Kwa hiyo ile hoja ya "kaitaja mwenyewe" peke yake haitoshi.

Na msidhani haya ni mambo ya vitabuni tu. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaeleza aliyoyaona. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja chakula kile na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mgeni hushukia nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji humuuzia na kumnunulia. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo kwao ilikuwa ya kukataliwa. Ila aliyekwisha kuja mara nyingi na kuwajua watu, huyo hushukia apendapo.

Mmeona? Waliojua mji waliachwa huru. Asiyejua ndiye aliyepewa mtu wa kujua kwa niaba yake. Bila shaka mwenyeji naye alikuwa na maslahi yake, lakini elimu yake ya bei ilimkinga mgeni.

Mtu atasema: basi mfanyabiashara asipate faida? Apate. Ukiwa na gari, ukaenda shamba kununua, bei ya shamba si bei ya mjini. Kuna mafuta, kuna mzigo kuharibika. Hiyo ni kazi yako, ichukulie ujira wake. Lakini usimwambie mkulima eti bei mjini imeshuka. Akikuuliza, mwambie kweli. Na yule mama aliyebakiza hatua mia kufika sokoni, umemfanyia kazi gani hata uchukue 13,000 zake?

Imepokewa kwamba Jarir bin Abdillahi (R.A.) alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona akajua thamani yake ni zaidi, akamwendea mwenyewe, akawa anampandishia bei mpaka 800. Alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Si kila mmoja wetu atafika daraja hiyo, na wanazuoni wamejadiliana sana ni kupunjwa kwa kiasi gani kunakovunja mauzo. Lakini kipimo cha moyo kila mtu anacho: kesho mwenzako akiijua bei, utaweza kusimama mbele yake na kumsalimia bila kuangalia chini?

Awe Muislamu au asiwe, leo mwambie mtu mmoja bei ya kweli kabla hajauza. Itakugharimu kidogo, na funga yetu imekuja kutuzoesha kuacha hata vile tunavyoviweza.

Ewe Mola wetu, zibariki riziki zetu, na usiifanye elimu uliyotupa kuwa hoja dhidi yetu. Aamin.

Ramadhani Karim.