Jina la Sultani, Amri ya Mgeni

Ndugu zangu Waislamu wa Kaloleni,

Enzi ni ya Mwenyezi Mungu; mwanaadamu huazimwa tu.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Unguja. Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani, akajitangaza Sultani; Waingereza wakamkataa. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari zao zikalipiga jumba kwa mizinga. Haikutimia saa nzima, na watu kama 500 wameuawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia kwa konseli wa Kijerumani. Siku ile ile Waingereza wakamkalisha Sayyid Hamud bin Muhammad. Khalid alifia Mombasa mwaka 1927.

Basi zingatieni: jina lilibaki la Sultani, amri ikawa ya mgeni. Na wale waliokufa, nani aliwataka shauri?

Alipofariki Mtume (S.A.W.), Masahaba walikutana Saqifa, wakahojiana, kisha wakampa Abu Bakr mkono wa utiifu.

Sisi hatuna ufalme, lakini tuna misikiti na vyuo. Imamu akifa, tusigombee mswala hata tukaamuliwe na mahakama. Tushauriane angali hai. Nyumba isiyo na shauri, mlango wake hufunguliwa na jirani.

Wallahu aalam.