Uhamisho wa Aliyebaki Nyumbani

Bob Marley aliimba kurudi Afrika hadi dunia nzima ikamsikia, lakini amezikwa Nine Mile, kijiji cha milimani huko Jamaika alikozaliwa. Alifariki Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Mwaka 2005 zilivuma habari kwamba mwili wake ungehamishiwa Ethiopia; haukuhama. Kwa Mchaga wa Kibosho au Marangu, kwetu Kilimanjaro, hilo halina utata: mtu huzikwa kihambani, shamba la ukoo, chini ya migomba, na kaburi likapandwa masale. Kwa imani ya Kirasta, hata hivyo, ni swali zito. Ikiwa Zayuni ni Afrika na ugenini kote ni Babeli, mbona mwimbaji wa Zayuni kalala Babeli? Na sisi ambao babu zetu hawakuvushwa bahari, wimbo wa mateka unatuhusu nini?

Unatuhusu, kwa sababu mtu anaweza kuwa uhamishoni bila kusafiri. Babeli ya kwenye Biblia iliwachukua watu ikawapeleka mbali. Ya kwetu ilipanda mlimani. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, pale Old Moshi pamoja na viongozi wenzake, na wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Septemba 2023 Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimeoana na vya jamaa walio hai Tanzania, mojawapo likiwa la mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Tufikirie maana yake kwa ukoo ambao marehemu kwao ni mwenyeji wa kihamba, huombwa na kuheshimiwa, na ambao wakikosana hupatana kwa jani la sale. Wajukuu wamebaki palepale, wanapalilia kahawa ileile, lakini mkubwa wao hayupo. Aliyehamishwa ni marehemu, na walio hai wamehamishwa naye.

Wachungaji wetu watasema, na wana haki kusema, kwamba Rasta humwabudu mfalme wa Ethiopia. Mfalme huyo, Haile Selassie, alipinduliwa mwaka 1974, akafa mwaka uliofuata, na maisha yake yote alikuwa Mkristo wa Kanisa la Ethiopia. Siwezi kuutetea uungu wake, na Marley mwenyewe alibatizwa katika kanisa hilohilo Novemba 1980, miezi michache kabla ya kufa. Ila kosa katika jina halifuti ukweli wa kilio. Wamisionari wa Kilutheri walilikuta mlimani jina Ruwa, ambalo ni Mungu na ni jua pia. Hawakulitupa, walilipeleka kanisani. Waliamini kwamba watu walikuwa wakimtafuta Mungu kweli hata kabla ya kufundishwa. Basi wanaolia Zayuni nao wasikilizwe hivyo.

Pingamizi lililo gumu zaidi kwangu ni hili: kwamba reggae huku ni fasheni, picha ya mtu mwenye rasta nyuma ya daladala. Kwa wengi ni kweli. Lakini Justin Kalikawe wa Bukoba, aliyefariki mwaka 2003, aliiimba kwa Kiswahili na kwa Kihaya, lugha ya watu ambao nao, kama Wachaga, huishi na kuzika migombani. Wimbo wa kuazima tu hauingii lugha ya mama ukakaa. Marley naye alijua kwamba uhamisho si wa waliovushwa bahari tu: Aprili 1980 alikwenda Salisbury, ambayo leo ni Harare, akapiga muziki usiku ambao Zimbabwe ilipata uhuru, mbele ya watu waliokuwa wamenyang'anywa ardhi wakiwa wamesimama juu yake.

Kwa hiyo silioni kaburi la Nine Mile kuwa ni kushindwa kwa imani yake. Amelala katika kilima ambacho babu yake, Omeriah Malcolm, alikilima, na watoto wake wanajua pa kumkuta. Old Moshi mti wa kunyongea unaonyeshwa hadi leo, na wajukuu wa Meli bado wanaulizia kichwa.