Je, Mwili ni Adui wa Akili?

Wako watu wanaodhani kwamba mwenye kutafuta elimu na mambo ya roho hana haja ya kuushughulikia mwili wake. Kwao kukimbia ni mchezo wa watoto, na mtu mzima mwenye heshima hukaa kitini na vitabu vyake. Swali letu ni hili: Je, mtu anayeuacha mwili wake ulegee kwa ajili ya akili, anaitendea akili hiyo haki?

Msomaji mpenzi, tutazame kwanza jinsi ubongo unavyoishi. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Lakini mtu anapopumzika, ubongo hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa mwilini. Tena hauna ghala. Tumbo laweza kungoja chakula hata kesho, bali damu ikikatika kabisa kichwani, mtu huzimia baada ya nukta chache tu. Basi akili inayojivunia utukufu wake ni mgeni anayelishwa na mwenyeji kila nukta: mapafu humletea hewa, na moyo humpelekea damu.

Huenda mtu akasema: "Kufikiri ndiko mazoezi ya ubongo. Nikifikiri sana, damu itakuja yenyewe." Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1955, Louis Sokoloff na wenzake huko Marekani waliwapa watu hesabu za kichwa, wakaona kwamba jumla ya damu inayokwenda ubongoni, na jumla ya oksijeni inayotumiwa humo, hazikuongezeka. Sehemu inayofanya kazi hupata damu zaidi, lakini jumla hubaki karibu ile ile.

Sasa tazama mwili unapofanya kazi. Mtu akitembea kwa haraka au akikimbia polepole, moyo uliokuwa ukisukuma kama lita 5 za damu kwa dakika huzidisha kazi yake mara kadhaa, na misuli huchukua sehemu kubwa ya damu hiyo. Je, ubongo hunyang'anywa haki yake? La! Damu yake haipungui, bali huongezeka kwa kiasi, ingawa oksijeni unayoitumia huwa karibu ile ile.

Lakini juhudi ikipita kiasi, mambo hugeuka. Mtu hutweta, na kutweta huitoa mwilini hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ikipungua katika damu, mishipa ya ubongo hujibana, na ile damu iliyokuwa imeongezeka huanza kupungua. Na wakati huo huo ubongo huhitaji oksijeni zaidi, hata hulazimika kuivuta kwa nguvu kutoka katika damu inayoufikia. Mtaka yote hukosa yote. Hivyo mwili wenyewe unatufundisha kwamba uvivu si njema, na kupita kiasi si njema. Njia ya katikati ndiyo iliyo bora.

Faida ya njia hiyo haiishii siku ile ile. Mwaka 2011, Kirk Erickson na wenzake walitangaza habari za wazee 120 wa Marekani. Nusu yao walifundishwa kutembea kwa dakika 40, siku tatu kwa juma, muda wa mwaka mzima. Wengine walifanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha. Sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, iitwayo hipokampasi, iliongezeka kwa asilimia 2 kwa wale waliotembea. Kwa wale wengine ilipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1.

Hata hivyo tusidanganyike. Mazoezi hayamfanyi mtu kuwa mwema. Mwizi naye hukimbia. Wala mgonjwa asiyeweza kutembea hana lawama, na mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri amekwisha timiza fungu lake. Maneno haya yanatuhusu sisi tunaokaa: karani, mwalimu, dereva, mwanafunzi, na ye yote asomaye sana akajiona ameshinda haja za mwili.

Ndugu msomaji, akili yako si yako peke yako. Watoto wako wataihitaji kesho, na jirani atakuja kukuomba shauri utakapokuwa mzee. Anayeiacha idhoofike kwa uvivu anapoteza pia haki ya wengine. Mwili ni amana, na akili ni amana iliyowekwa ndani ya amana. Haiwezekani kuilinda hii ya pili kwa kuihini ile ya kwanza. Basi ukimaliza kusoma ukurasa huu, funga gazeti, simama, utembee. Yale uliyosoma yatakwenda pamoja nawe.