Jina la Herufi na Tarakimu 43

Mvulana mmoja wa Sweden, aliyezaliwa 1991, alifikisha miaka mitano bila jina lililosajiliwa. Mwaka 1996 mahakama ya Halmstad ikawatoza wazazi wake faini ya krona 5,000. Wao wakajibu kwa kuwasilisha jina la herufi na tarakimu 43, linaloanza na Brfxx na kuishia na 11116, irabu hata ya dawa hamna. Walitaka litamkwe kama jina fupi la kawaida tu. Hii, walisema, ni kazi ya sanaa.

Mahakama ikakataa, na faini ikabaki palepale. Wazazi wakarudi na herufi moja, A, eti itamkwe vilevile. Nayo ikagonga mwamba, maana jina la herufi moja halikuruhusiwa.

Walikuwa wakiipinga sheria ya majina ya 1982, iliyozuia jina linaloweza kumkera mwenye kulibeba. Ugomvi ulikuwa wa watu wazima. Mtoto, maskini, ndiye aliyesubiri.

New Zealand nako wazazi wengi wamenyimwa jina King, kwa kuwa linafanana na cheo. Hapa Tanzania je? Mtoto huitwa Shida, Tabu au Mashaka, kufuatana na hali iliyomkuta mama yake, na mwalimu akiita mahudhurio hakuna anayegeuza shingo. Mashaka huoa, hujenga, huitwa Mzee Mashaka kwenye vikao vya harusi, na mchango wake huandikwa daftarini kwa jina hilohilo.