Kuchukua Kisu Njiani, na Hofu ya Jirani

Yajulikana ya kwamba ni vigumu kuona nyumba ya mkulima katika bonde la Kilombero isiyo na panga. Katika Mbingu, chini ya milima ya Udzungwa, mtu hutoka alfajiri na mundu wa kuvunia mpunga, au panga la kufyekea, na jioni hurudi navyo kwa njia ile ile ipitwayo na watoto wa shule na abiria washukao treni ya TAZARA. Naye mchungaji wa Kimaasai huvaa sime kiunoni tangu ujana wake, wala hajioni kuwa yuko vitani. Basi tukisema, serikali na ikataze makali yote, tumesema watu na wasile.

Na sheria haikusema hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945 na ambayo hata leo yatumika Tanzania Bara, yamtia hatiani mtu aendaye hadharani na silaha pasipo sababu ya halali, kwa namna ya kumtia mwingine hofu. Tazama vizuri, ewe msomaji: katika maneno hayo hapana kipimo cha urefu. Waingereza walishika njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1988 yaruhusu kisu cha kukunja cha mfukoni ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Kikizidi, mwenyewe sharti aonyeshe sababu njema, kama kazi, au dini, au vazi la taifa lake. Kipimo hicho kingeletwa Mbingu, kila mvunaji angekuwa na kujitetea kabla ya kufika shambani. Sisi tumepewa mizani ya mambo mawili yasiyoonekana kwa macho: sababu iliyo kwa mchukuzi, na hofu iliyo kwa amwonaye.

Na hapo ndipo penye mashaka. Mtu atasema, "Moyo wangu ni safi, kwa nini niulizwe hofu ya mwingine?" Hoja hii si ya kutupwa, kwani hofu ni mbili. Iko hofu itokanayo na kitendo, kama panga wazi mkononi mwa mlevi, au sime iliyochomolewa mnadani watu wakibishana bei. Na iko hofu itokanayo na sura: mkulima amwona mfugaji, akaogopa kabla ya kutazama mkono wake uko wapi, na mfugaji awaona vijana watano watokao shambani na mapanga, akadhani wamewafuata ng'ombe wake. Kila mmoja huona chombo mkononi mwake, na silaha mkononi mwa mwenziwe. Hofu ya kwanza ni deni la mwenye kisu. Ya pili ni deni la mwenye kuogopa, wala hana haki ya kumlipisha mwingine.

Mtume (s.a.w.) alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike penye ncha zake, asije akamjeruhi mtu, tena alikataza watu kupeana upanga ulio wazi. Hakumnyang'anya mtu yule mishale yake, wala hakumwuliza nia. Alimpa mkono wake kazi. Jirani haoni moyo, aona makali. Huko Omani khanjari huvaliwa arusini na barazani, hata imo katika bendera yao, na watu hawakimbii, kwa kuwa wajua itabaki alani mwake.

Wala haya si maneno ya kupoteza wakati. Desemba 2000, katika mwezi wa Ramadhani, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, katika mkoa huu huu wa Morogoro, kwa ugomvi wa wafugaji na wakulima. Na mwaka 2012 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde la Kilombero lenyewe. Baada ya mambo kama hayo, hofu haiondoki kwa amri.

Kwa hiyo mimi naogopa utekelezaji kuliko sheria. Mgambo atwaaye sime ya mfugaji, akaliacha panga la mkulima lipite kwa kuwa ni la binamu yake, hakutekeleza sheria, amechagua upande. Na atwae kwa yule aliyechomoa, awe wa kabila lo lote. Mkulima naye na alifunge panga lake kwa gunia kabla ya kuingia barabarani, na mfugaji auweke mkono mbali na mpini apitapo penye watu. Wazee wa kijiji waweza kuagiza haya kabla ya siku ya mnada, pasipo kuwangoja askari kutoka Ifakara.