Mchanga Unaohama

Ndugu msomaji, sisi wa Daa na Karatu twaujua upepo kwa mavumbi ya mashamba yetu. Lakini ukivuka nyanda za juu za Ngorongoro ukateremka hata Olduvai, upande wa kaskazini wa korongo lile utakuta kazi ya upepo iliyo ngeni zaidi. Ni kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo, kimo chake kiasi cha mita 9, urefu wake wapata mita 100, nacho kimesimama peke yake katika uwanda mkavu. Tena hakikai mahali pamoja. Huhama kuelekea magharibi takriban mita 17 kwa mwaka, na alama zilizosimikwa nyuma yake zaonyesha kilipokuwa miaka iliyopita.

Sababu yake yajulikana. Mchanga huo ni jivu la volkano, ambalo hunasibishwa na Ol Doinyo Lengai, mlima uliolipuka tena mwaka 2007. Chembe zake zina madini ya chuma yavutwayo na sumaku, nazo hushikana. Upepo wa mashariki huzipandisha mgongoni, na zikifika kileleni huporomoka upande wa pili. Zile pembe mbili, kwa kuwa zina mchanga kidogo, hutangulia mbele.

Ndugu zetu Wamasai hupaheshimu mahali hapo na kupahesabu kuwa patakatifu, kama wauheshimuvyo Lengai, ambao jina lake maana yake ni Mlima wa Mungu. Basi aja mgeni, aupanda mchanga, ateleza na kucheka, kisha ajaza chupa ya kupeleka nyumbani. Akionywa hujibu, “Huu ni mchanga tu.” Je, amekosa?

Naona amekosa, ijapokuwa asemalo ni kweli. Chupa yake haikipunguzi kilima; upepo wa alasiri moja huchukua zaidi. Aliyeumizwa ni jirani.

Labda utaniuliza: Je, kuheshimu mchanga si ushirikina? Kumbuka, msomaji, kwamba hata sisi twashutumiwa hivyo hivyo. Mahujaji hulibusu Jiwe Jeusi, na Sayidina Umar alitangaza waziwazi kwamba ni jiwe tu, lisilodhuru wala kunufaisha. Hata hivyo, nani kati yetu angevumilia kumwona mtu akilikanyaga kwa hoja kwamba ni jiwe? Nayo Kurani Tukufu imetukataza kuvitukana viabudiwavyo na wengine. Sembuse Wamasai, wamwombao Mungu wamwitaye Enkai, wala hawauabudu mchanga!

Limebaki swali moja gumu zaidi. Ikiwa hapana Mmasai karibu, na upepo utazifuta nyayo kabla ya jua kuchwa, je, kosa lingali lipo? Zamani ningalisema halipo, kwa kuwa hapana aliyeumia. Siku hizi nasita. Mtu aliyekatazwa jambo mbele ya mwenyeji, kisha akalitenda mwenyeji alipogeuka, twamwita kwa jina gani nyumbani kwetu?